Kipindi cha 47: Dalali Aliyevaa Buti

MWANA: ...si imewaka? Taa nyekundu ile pale. Haya, karibuni barazani.

BEKA: Shikamoo da Mwana.

MWANA: Marahaba. Leo shikamoo yako inatoka kwenye magoti. Una nini?

BEKA: Nimetembea. Jumamosi nzima. Asubuhi Kibaha, mchana Kisarawe, usiku miguu kwenye beseni la maji ya chumvi.

MWANA: Mnaotusikiliza tangu zamani mnakumbuka aliapa hapahapa, baada ya ile vita ya luku na mwenye nyumba wake, kwamba hatalipa tena kodi ya miezi sita.

BEKA: Niliapa.

MWANA: Ukalipa.

BEKA: Nikalipa. Ila mara hii ni kweli. Mama Ilham ameshaweka picha za makabati ya jiko kwenye simu. Mwanamke akifika kwenye makabati, wewe huna pa kurudi. Na leo nimejiandaa, nimekuja na daftari. Mambo sita ya kukagua kabla hujanunua nyumba yako ya kwanza.

MWANA: Tutayafikia. Anza na Kibaha.

BEKA: Kibaha ni hivi. Nyumba iko upande wa Kwa Mathias, vyumba vitatu, imepauliwa, ndani imepigwa ripu, nje bado tofali. Milioni 58. Hati ipo, nimeiona. Ukitoka barabarani unatembea, unafika, basi. Hakuna la kusimulia. Kibaha ni kama kuchumbia binti wa mwalimu mkuu. Kila kitu kinajulikana.

MWANA: Na kwenda kazini?

BEKA: Nilipima. Jumapili nililala kwa shemeji yangu kulekule, Jumatatu nikatoka saa 10:40 alfajiri. Daladala mpaka Mbezi, Mbezi mpaka Kimara, Kimara nikaingia mwendokasi, nikashuka Posta saa 12:50.

MWANA: Saa mbili na dakika kumi. Umekaa?

BEKA: Nimekaa mpaka Mbezi.

MWANA: Huyo ni mtu aliyekaa robo. Haya, Kisarawe.

BEKA: Kisarawe kwenye ramani ni karibu na mjini kuliko Kibaha, na watu wengi hawajui. Unapita Gongo la Mboto, unapanda milima ya Pugu, msitu huu hapa, hewa inabadilika. Kiwanja kikubwa, miembe miwili, mkorosho, nyumba imefika lenta. Milioni 37. Nilisimama chini ya ule mwembe nikamwona Ilham anabembea.

MWANA: Ushanunua wewe.

BEKA: Subiri. Dalali alikuwa amevaa buti.

MWANA: Buti zipi?

BEKA: Za mpira. Nyeusi. Mpaka chini ya goti, suruali imechomekwa ndani. Juu shati la mikono mirefu limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Na huu ni Agosti, da Mwana! Vumbi linapanda mpaka kwenye nyusi. Hajanyesha Mungu hata tone.

MWANA: Labda nyoka. Karibu na msitu pale.

BEKA: Mimi nilikuwa na makubazi! Kama ni nyoka mbona hakuniambia?

MWANA: Nyoka wa mteja hayamhusu.

BEKA: Nikamuuliza. "Kaka, mbona buti?" Akanijibu, "Mazoea tu bosi."

MWANA: Mazoea!

BEKA: Mazoea. Mtu anazoeaje buti mahali pasipo na maji?

MWANA: Labda alitoka shambani.

BEKA: Na shati la pasi?

MWANA: Labda ndiyo viatu alivyonavyo, masikini. Usimcheke mtu.

BEKA: Nilifikiri hivyo nikajisikia vibaya. Halafu alipofungua begi kutoa karatasi za mauziano, nikaona viatu humo ndani. Vya ngozi. Vinang'aa. Amevibeba!

MWANA: Amevihifadhi!

BEKA: Maana yake alipofika kituoni alivua viatu akavaa buti, kuja kunionyesha nyumba yangu.

MWANA: Ngoja nicheke vizuri, niache.

BEKA: Basi na mimi nikaanza kuangalia. Kiwanja kiko bondeni, unateremka kidogo. Nikatazama ukuta wa jirani. Kuna mstari. Chini ya mstari kahawia, juu ya mstari nyeupe. Usawa wa goti.

MWANA: Hiyo ni rangi. Watu wanapaka oili chini ukuta usichafuke. Kwangu pia ipo.

BEKA: Kwako mstari umenyooka?

MWANA: Umenyooka, fundi alipiga kamba.

BEKA: Ule ulikuwa unapanda na kushuka.

MWANA: Fundi mlevi.

BEKA: Au maji.

MWANA: Au fundi mlevi. Wewe umeona buti, basi kila kitu umekiona kwa macho ya buti.

BEKA: Lakini si ndiyo kipimo chenyewe? Dalali atakwambia dakika tano kutoka barabarani, na dakika tano za dalali tunazijua. Atakwambia maji yapo, umeme nguzo ya tatu. Mdomo unasema chochote. Miguu haisemi uongo. Dalali wa Kibaha alivaa raba nyeupe. Nyeupe!

MWANA: Kwa hiyo Kibaha ni raba nyeupe. Kisarawe?

BEKA: Kisarawe yote hapana, ni kilima, mji wenyewe uko juu pakavu. Lile bonde ndilo buti.

MWANA: Jangwani?

BEKA: Jangwani buti hazitoshi, pale unavaa mtumbwi.

MWANA: Masaki?

BEKA: Masaki dalali hashuki kwenye gari, huwezi kujua anavaa nini.

MWANA: Goba nilipojenga mimi?

BEKA: Goba sasa ni sendo, da Mwana, acha maringo.

MWANA: Sasa! Umesema neno. Sasa. Mimi nimenunua Goba 2011, na nimevaa buti miaka minne. Nilikuwa naziacha kwa mama muuza vitumbua pale juu barabarani, nabadilisha, napanda daladala. Kama dalali wako kabisa. Ofisini walikuwa wananiita Mwana Buti, hilo sijawahi kulisema hapa.

BEKA: Mwana Buti!

MWANA: Fundi mitambo, likate hilo. Halafu lami ikaja. Kiwanja nilichonunua, leo siwezi kukigusa kwa mshahara wangu. Ndiyo maana nakwambia nunua Kisarawe. Siyo bondeni, tafuta kingine juu. Watu wanasubiri barabara ifike ndiyo wanunue. Ikifika, umechelewa. Njia za mwendokasi za Gongo la Mboto huzioni? Stesheni ya treni ya umeme iko Pugu, huioni?

BEKA: Treni ya umeme ya kwenda Dodoma siyo ya kunipeleka kazini kila siku. Na kutoka Gongo la Mboto mpaka kwenye mwembe wangu bado nina safari.

MWANA: Leo bado. Mimi nasema miaka minane.

BEKA: Ilham ana miaka mitano. Miaka minane ndiyo utoto wake wote huo. Kibaha shule zipo, hospitali ya Tumbi ipo, Shirika la Elimu lipo tangu 1963. Mimi nanunua barabara iliyopo. Siinunui inayokuja.

MWANA: Iliyopo umeilipia. Hiyo tofauti ya milioni 21 ni bei ya lami tu.

BEKA: Sawa, na iwe ya lami. Da Mwana, marehemu baba alinunua kiwanja 1998, wapi sisemi, ukoo unasikiliza. Aliambiwa barabara inakuja. Alituleta Jumapili, tumevaa nguo za sikukuu, akatuonyesha kwa fimbo: hapa sebule, hapa barabara itapita. Mpaka tunamzika ilikuwa njia ya baiskeli. Juzi nimepita. Bado ni njia ya baiskeli. Siku zote akisema "barabara inakuja," mama alikuwa anainuka anakwenda jikoni.

MWANA: Mungu amrehemu mzee.

BEKA: Amina.

MWANA: Lakini mzee alinunua pabaya, Beka. Hakukosea kununua mapema. Hayo ni mambo mawili.

BEKA: Na wewe ulibahatika, unaita akili. Hayo pia ni mawili.

MWANA: Bahati? Mimi nilikwenda mwenyewe kuuliza ramani inasemaje kabla sijatoa shilingi. Nimebeba maji kichwani na mimba ya Salum. Usiniambie bahati.

BEKA: Sijasema hukuteseka. Nasema waliokwenda kuuliza ramani ni wengi, na waliopata lami ni wachache. Walioikosa hawana podikasti. Halafu hata ikija, inaweza kukujia wewe. Sote tuliona Morogoro Road 2017, Kimara kuelekea Kibaha, X nyekundu ukutani, alama ya kubomolewa. Mita 121 na nusu kutoka katikati ya barabara. Barabara ilikuja kweli, ikapita sebuleni.

MWANA: Basi huo ni upande wa Kibaha! Si unakonunua?

BEKA: Ndiyo maana nimepima.

MWANA: Umepima kwa nini?

BEKA: Kwa hatua.

MWANA: Kwa hatua! Huyu anataka kutoa milioni 58 amepima kwa makubazi.

BEKA: Bado sikubaliani na wewe.

MWANA: Na mimi sijakuomba ukubali. Sikubaliani na wewe vilevile.

BEKA: Sawa.

MWANA: Sawa.

BEKA: ...

MWANA: Kunywa maji.

BEKA: Nakunywa.

MWANA: Mnajua pale Pugu Mwalimu Nyerere ndiko alikokuwa anafundisha, akaacha kazi 1955.

BEKA: Na yeye barabara ilimshinda?

MWANA: Aliacha kwa ajili ya TANU, we mtoto! Sasa ona, unanichekesha nimenuna.

BEKA: Tena tunagombania nini? Maji ya kunywa ni yaleyale. Ya Ruvu Juu, yanapita Kibaha, yanafika Kibamba, ndiyo yanapandishwa Kisarawe.

MWANA: Kwa hiyo kote nitaoga. Asante. Fundi mitambo anaonyesha vidole. Vitatu? Dakika tatu. Na daftari lako?

BEKA: Mambo sita! Haraka. La kwanza: nyumba uione kiangazi na uione masika. Kama huwezi kusubiri masika, angalia miguu ya dalali.

MWANA: Hilo tumemaliza.

BEKA: La pili, ridhaa ya mwenzi. Hili ni zito. Nyumba ya wanandoa haiuzwi na mmoja bila mwenzake kukubali, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema. Sasa yule mzee anayeuza ile ya Kisarawe nilimuuliza mkewe yuko wapi, akasema yuko Tanga. Nikasema tumpigie. Akasema simu yake haishiki mtandao. Nikasema tutasubiri ishike. Akamtazama dalali, dalali akatazama buti...

MWANA: Umetuficha hilo muda wote?

BEKA: Lilikuwa kwenye daftari, namba mbili! Ndipo nilipoanza kusema nita...

MWANA: Vidole viwili. Kimoja. Ya upekuzi wa hati ardhi ni ya ngapi?

BEKA: Ya tatu. Na ya tano ni...

MWANA: Tutaweka wiki ijayo.

BEKA: Wiki ijayo ulisema tunaongelea vikoba.

MWANA: Basi baada ya vikoba. Beka, ukihamia nakuletea zawadi. Unavaa namba ngapi?

BEKA: Ukumbuke nahamia Kibaha.

MWANA: Namba ngapi?

BEKA: Sijasema Kisarawe, da Mwana.

MWANA: Nimeuliza kiatu tu.

BEKA: ...Arobaini na mbili.