Horyu-ji: Hekalu la Mbao Lililokataa Kuzeeka

Watazamaji wangu mlioko nyumbani, hamjambo. Nyuma yangu ni Horyu-ji, hekalu la Kibudha lililopo Ikaruga, mji mdogo wa mkoa wa Nara nchini Japani. Pagoda ya orofa tano mnayoiona kushoto, na ukumbi mkuu ulio kulia, zinahesabiwa kuwa miongoni mwa majengo ya mbao ya kale zaidi ambayo bado yamesimama duniani. Sisi wa pwani tumezoea kuutafuta ukale kwenye mawe: pale Kilwa Kisiwani kuta za matumbawe za Msikiti Mkuu zingalipo, lakini mbao zake za awali zilishatoweka zamani. Hapa mbao zenyewe ndizo zilizobaki, na ningependa tuone zimebakije.

Maandishi yaliyochongwa nyuma ya sanamu moja ya ukumbi huu yanaeleza kwamba Mfalme Yomei alipougua aliweka nadhiri ya kujenga hekalu, akafariki kabla ya kuitimiza, na hatimaye Malkia Suiko pamoja na Mwanamfalme Shotoku wakaikamilisha kazi hiyo mwaka 607. Kitabu rasmi cha historia ya kale ya Japani, Nihon Shoki, kinasema vilevile kwamba mwaka 670 moto uliliteketeza hekalu, lisisalie hata jengo moja. Wataalamu walibishana kwa miongo mingi, baadhi wakishikilia kwamba majengo haya ni yaleyale ya Shotoku, hadi uchimbaji wa mwaka 1939 ulipofukua, karibu na hapa, misingi ya hekalu jingine la awali ambalo pagoda yake na ukumbi wake vilipangwa kwa mstari mmoja, badala ya kukaa ubavu kwa ubavu kama hivi. Kwa hiyo tunachokitazama kilijengwa upya baada ya moto. Hata hivyo, pete za ukuaji wa mti zilizo ndani ya nguzo ya katikati ya pagoda zilipochunguzwa, ilibainika kwamba mti wake ulikatwa mwaka 594, miaka mingi kabla ya moto wenyewe. Wako wanaodhani gogo hilo lilikuwa limehifadhiwa ghalani, na wako wanaodhani lilitolewa kwenye jengo jingine. Mimi fumbo hili linanivutia kuliko sanamu zote za dhahabu.

Pagoda ina urefu wa takriban meta 32, na haikukusudiwa kupandwa na watu. Ni mnara wa kuhifadhi masalio matakatifu, ambayo yaliwekwa ndani ya jiwe la msingi chini ya nguzo hiyo ya katikati. Orofa zake zinapungua upana kadiri zinavyopanda, hata ile ya juu kabisa ikawa nusu ya ile ya chini, na ndiyo maana jicho linauona mnara kuwa mwepesi ingawa mapaa yake yamebeba vigae vizito. Orofa zimepachikwa moja juu ya nyingine, na mbao zimeunganishwa hasa kwa ndimi na matundu, hivyo tetemeko linapopita viungo hucheza kidogo na kuupunguza mshindo. Penu zake pana nazo huzikinga kuta na mvua, jambo la maana sana katika nchi yenye unyevu kama hii.

Mbao hizi ni za hinoki, mti wa jamii ya misaipresi. Nishioka Tsunekazu, fundi mkuu wa maseremala wa hekalu hili aliyefariki mwaka 1995, alikuwa akisimulia kwamba ukiparua uso wa ubao wa kale kwa randa, harufu ya hinoki hutoka kana kwamba mti umekatwa juzi. Lakini uimara wa mti peke yake usingetosha. Katika ukarabati mkubwa ulioanza mwaka 1934 na kuendelea kwa miongo kadhaa, majengo yalifumuliwa kipande kwa kipande, sehemu zilizooza zikabadilishwa, kisha yakaunganishwa tena.

Ukarabati huohuo ndio uliokuwa ukiendelea asubuhi ya tarehe 26 Januari 1949, moto ulipozuka ndani ya ukumbi mkuu na kuziunguza picha za ukutani zilizochorwa takriban miaka 1,250 kabla yake. Bahati ni kwamba sehemu ya juu ya ukumbi ilikuwa imeshafumuliwa na kuwekwa kando, ikanusurika. Msiba huo uliwashtua Wajapani hata sheria ya kulinda mali za utamaduni ikapitishwa mwaka uliofuata, na tarehe 26 Januari imekuwa siku ya mazoezi ya kuzima moto katika mahekalu ya nchi nzima. Picha mtakazoziona tukiingia ndani ni nakala zilizowekwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Kuta halisi zilizoungua zimehifadhiwa ghalani humu humu hekaluni, na kwa kawaida wageni hawaruhusiwi kuziona.