Fundi Akikuita Uje Uone

Asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie ukarabati wa nyumba, nami nitauzungumzia kwa upande wa anayelala humo humo ndani kazi ikiendelea. Hayo ndiyo maisha niliyoishi kwa miezi 11. Tulikuwa tumepanga wiki 3.

Ilianza na kigae kimoja cha bafuni. Ukikigonga kwa kifundo cha kidole kilitoa mlio wa uwazi, tofauti na wenzake. Fundi akakibandua kwa patasi, lipu ya nyuma ikamwagika kama mchanga mbichi. Akabandua cha pili, cha tatu, kisha akaniita: "Mama, njoo uone." Ndani ya ukuta, bomba la chuma lilikuwa limeliwa na kutu penye kiungo. Tone la maji lilining'inia pale, likajaa, likadondoka, na jingine likaanza kujitunga. Nilisimama nikilitazama kwa muda mrefu. Miaka yote ile lilikuwa likidondoka hivyo, sisi tukioga na kuimba upande wa pili.

Maji hayakai pale yalipovujia. Hushuka sakafuni, na tofali na lipu huyanyonya na kuyapandisha kama utambi unavyopandisha mafuta. Ndiyo maana ng'ambo ya ukuta, mguu wa fremu ya mlango wa chumba chetu ulikuwa umeoza. Niliubonyeza kwa kidole gumba, kikazama. Nyaya za umeme nazo zilipita kwenye ukuta huo huo. Fundi umeme alipofungua soketi akakuta unyevu, akakataa katakata kuirudisha mpaka waya wote wa upande ule ubadilishwe. Siku ile nilimkasirikia. Leo namshukuru.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hata ufa hatukuuona, vigae vilikuwa vimeufunika.

Kwa hiyo nikisikia watu wanasema kazi huongezeka kwa sababu mafundi ni wajanja, sikubali moja kwa moja. Wajanja wapo. Lakini sehemu kubwa ya kazi yetu "iliyoongezeka" ilikuwapo tangu siku ya kwanza, ila hatukuwa tumeifikia. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba mtu akikadiria muda wa kazi hutazama mpango wake mwenyewe, asitazame kazi kama hiyo iliwachukua wengine muda gani. Ndivyo tulivyofanya. Hatukumuuliza hata mtu mmoja aliyewahi kufumua bafu.

Ila kuna kazi za namna nyingine, na hizo ndizo hasa zilizonileta hapa. Haziletwi na maji, zinaletwa na macho. Bafu limekwisha, linang'aa. Ukitoka tu, korido inaonekana chafu. Korido ikipakwa rangi, mlango wa jikoni unaonekana umezeeka. Mume wangu akasema, "Maadamu fundi yupo." Nami nikaitikia. Ndugu zangu, maneno hayo matatu yalitula miezi 5. Hakuna kilichokuwa kinavuja wala kuoza. Tulikuwa tumezoea tu kubomoa.

Mwishowe tukawekeana swali moja: hili tukiliacha, litaharibu kitu kingine au kumdhuru mtu? Likiwa ndiyo, linafanywa sasa, hata kama linauma. Likiwa hapana, linaandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa jokofu, yenye kichwa "Baadaye". Kuandika kulitusaidia kuliko kukataa, maana jambo likishaandikwa, roho inatulia.

Sasa vumbi. Hili naomba mnisikilize vizuri. Vumbi la kukata vigae na zege lina silika, yaani madini yale yaliyomo kwenye mchanga, na chembe zake laini kabisa huendelea kuelea hewani saa nyingi baada ya fundi kwenda zake. Mtu akilivuta kwa muda mrefu, linamwachia makovu mapafuni yasiyofutika. Jioni moja nilifungua kabati lililokuwa limefungwa vizuri, nikakuta utando mweupe juu ya mashati ya shule ya mwanangu. Nikapitisha kidole kwenye kola, kikaacha mstari. Usiku ule mtoto alikohoa, nikakesha nikimsikiliza. Kesho yake nikasema vigae vikatiwe nje, kwa msumeno unaomwagiwa maji, turubai ligundishwe mlangoni kwa utepe, na sakafu ipigwe deki badala ya kufagiliwa. Na kama nyumba ni ya zamani, msipige msasa rangi kavu kabla ya kujua ina nini: rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani iliipiga marufuku majumbani mwaka 1978, lakini rangi iliyokwisha kupakwa haikubanduka kwa amri.

Kusubiri nako ni kazi. Saruji hupata nguvu kwa maji, kwa hiyo humwagiliwa siku 7 hivi, na nguvu yake hupimwa ikifika siku 28. Sakafu ya saruji hukauka kama milimita 1 kwa siku hewa ikiwa nzuri. Yenye unene wa milimita 50 inataka karibu wiki 7 kabla ya kulazwa mbao juu yake. Tulizihesabu kwenye kalenda, mimi na wanangu, tukichora msalaba kila jioni.

Kalenda hiyo ilikuwa chumbani mwao, chumba pekee ambacho hatukukigusa. Tulikula humo, tukalala humo sote wanne, na nyundo hairuhusiwi kuvuka kizingiti chake.

Karatasi ya "Baadaye" bado ipo kwenye jokofu. Mstari wa kwanza ni mlango wa jikoni. Unakwaruza sakafu ukifunguliwa, na asubuhi nikiwa bado kitandani najua kwa mkwaruzo wake nani ametangulia kuamka.