Paka Mzuri, wa Nani?

Ahsanteni. Naona nyuso tatu nne zilizokuwepo mara iliyopita. Mnivumilie, nitasema yale yale, maana na picha ninazoletewa ni zile zile.

Mimi nachora wanyama wa watu. Unaniletea picha ya paka wako, nakupa mchoro wa kutundika sebuleni. Kisichokuwemo kwenye picha, mkono wangu hauna pa kukitoa.

Mama mmoja alinitumia picha ya paka mweusi. Imepigwa usiku, flashi imewaka, paka kakaa juu ya vigae vyeupe. Macho yanawaka kama taa za bodaboda. Paka ana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga. Unamsaidia yeye gizani, unanifilisi mimi. Na mwili? Kamera imeona weupe mwingi, ikajipunguzia mwanga, paka akawa shimo lenye masikio.

Nikampigia: mama, nipe nyingine. "Mwanangu, paka mwenyewe keshakufa. Wewe weka macho tu, si fundi?" Macho ya rangi gani? Yeye akasema kijani. Bintiye akasema manjano. Mzee mwenye nyumba akasema hakuwahi kumtazama usoni. Nikakaa wiki mbili na sharubu za kubuni, macho nikayatia kijani chenye manjano kila mtu apate chake. Mama akautazama mchoro, akauinamia, akarudi nyuma. "Paka mzuri," akasema. "Wa nani?"

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni: mbona Tingatinga alichora wanyama na hakusubiri kuletewa picha? Kweli. Edward Saidi Tingatinga alichora chui kwa rangi za kung'aa hapa hapa Dar, miaka ya 1960, na wazungu wakanunua. Lakini yule alichora chui. Hakuna mnunuzi aliyekuwa na chui wake nyumbani wa kumlinganisha naye!

Basi zimeni flashi. Asubuhi au alasiri, mnyama akae kando ya dirisha au barazani kivulini, mwanga umjie ubavuni. Akiwa mweusi, gusa uso wake kwenye kioo cha simu, ongeza mwanga mpaka unyoya uanze kuonekana mmoja mmoja. Vigae vikiungua kwa mwanga, viungue, sichori vigae. Halafu shuka. Piga magoti, lala kifudifudi, macho yako yalingane na yake. Mnapiga mmesimama wima, mimi napata kisogo na mgongo. Wala usimbandike simu puani, pua itavimba kama embe. Rudi hatua mbili, ndipo uvute picha karibu kidogo kwenye kioo.

"Paka wangu hatulii." Wa nani anatulia? Mtu asimame nyuma ya bega lako atikise mfuko wa dagaa. Piga arobaini, ukipata moja shukuru.

Kutuma: WhatsApp inaibana picha, kwa hiyo itume kama dokyumenti. Na zile programu za kulainisha ngozi, jamani, paka halainishwi.

Kuhusu mbwa nilikuwa na mengi, hasa ulimi, lakini mwenyeji ananionyesha saa. Wenye picha kwenye simu waje hapa mbele tuzitazame. Za usiku bakini nazo.