Ndiyo, huwa naenda Pride ya Toronto: jibu kwa mnaoniuliza kila Juni

Hamjambo familia, karibuni tena. Leo sina mapishi wala matembezi. Nimekaa hapa, simu nimeiegemeza dirishani, kwa sababu kuna swali limenichosha. Kila ikikaribia mwisho wa Juni linarudi: "Dada, na wewe huwa unaenda kule?" Wengine wanaandika "kule" tu, hata kupataja hawataki. Kuna wanaouliza kwa upole, kuna wanaouliza kwa matusi, na mjomba wangu mmoja alimtuma binamu aniulize kwa niaba yake. Basi nijibu mara moja, na mwakani nikiulizwa tena nitawatumia video hii.

Ndiyo, huwa naenda. Pride ni sherehe ya kila mwaka ya wapenzi wa jinsia moja na wenzetu wa trans, na hapa Toronto, Kanada, nikipata nafasi kazini hainipiti. Ninaishi mji huu, nalipa kodi hapa, na jambo lenyewe linanihusu mimi mwenyewe. Mlionifuata tangu zamani mlishajua. Wageni, sasa mmejua, na asiyependa anaweza kuondoka kwa amani, hatutagombana.

Yatakayoandikwa hapo chini nayajua kabla hayajaandikwa. Nikionyesha nimefurahi, naringa, nimefika majuu nimesahau kwetu. Nikisema maisha ni magumu, basi nirudi nyumbani, kwani nani alinilazimisha kuondoka. Yote mawili nimeshaandikiwa na mtu mmoja chini ya video moja. Leo nitasema furaha na nitasema ugumu, kwa sababu vyote viwili viko.

Tuanze na hela, maana ndicho mnachotaka kujua. Picha zinawadanganya. Mnaona mtu kajipaka rangi, kavaa miwani, kashika bendera, mnadhani pale mlangoni kuna tiketi ya bei kali. Hakuna mlango. Barabara ya Church inafungwa magari, watu wanaingia bure, na gwaride la Jumapili linaloshuka Yonge Street ni la kusimama kando ya njia na kutazama. Mgeni anayetoka nje ya mji ndiye anayeumia, kwa sababu hoteli za katikati ya mji hupandisha bei wikendi ile. Mimi nagusisha kadi yangu ya nauli, dola 3.30 za hapa, na ndani ya saa mbili naweza kubadilisha treni na basi bila kulipa tena. Nashuka kituo cha Wellesley. Begi langu lina maji, matunda, chapati nilizopika usiku na mafuta ya jua. Ndiyo, na sisi weusi tunaungua. Kinywaji cha kununua pale ni kimoja, tena nikiwa nimeamua hivyo tangu nyumbani.

Gharama yangu kubwa ni shifti. Nahudumia wazee, na wazee hawana Jumamosi wala Jumapili. Kupata wikendi nzima ya Pride nilibadilishana na mwenzangu, na mimi nikamfanyia Krismasi yake. Krismasi nzima nikiwa kazini, watu wananipigia video kutoka Mombasa, pilau iko mezani. Kwa hiyo anayesema "nyinyi huko kazi yenu kucheza ngoma barabarani" ajue ile ngoma nililipia Desemba.

Siku yangu hasa ni Jumamosi. Ijumaa huwa ni maandamano ya watu wa trans, yaani ambao jinsia yao si ile waliyoandikiwa walipozaliwa, Jumamosi ni ya wanawake wanaopenda wanawake, Jumapili ndilo gwaride kubwa mnaloliona kwenye habari. Jumapili ina magari ya makampuni, wanasiasa, muziki wa kupasua masikio. Jumamosi ni miguu na mabango ya kuandikwa kwa mkono, na utakuta bibi wa umri wa nyanya yangu anatembea na mwenzake, wameshikana mikono kwa sababu goti la mmoja linasumbua. Siku ya kwanza kuona vile nilisimama nikashindwa kutembea. Nilikuwa sijawahi kuona wanawake wawili wamezeeka pamoja hadharani. Nilikuwa sijui kama inawezekana kuzeeka.

Kabla ya muziki huwa napita bustani ya Barbara Hall, pale nyuma ya kituo cha kijamii cha 519. Kuna nguzo za zege zenye mabamba ya chuma, na kwenye mabamba yamechongwa majina ya waliokufa kwa UKIMWI, yamepangwa kwa miaka. Miaka ya mwanzoni mwa tisini orodha ni ndefu, unasoma mpaka macho yanachoka. Wiki ya Pride watu hukusanyika pale usiku na mishumaa. Sisi tuliotoka kwetu hatuna haja ya kuelezwa, kila nyumba ina mtu wake wa miaka ile. Tofauti ni kwamba kwetu wengi walizikwa kwa "aliugua kifua".

Sasa wale wa "haya ni mambo ya wazungu, serikali yao iliwapa". Hawakupewa. Usiku wa tarehe 5 Februari 1981 polisi wa mji huuhuu walivamia nyumba nne za kuogea walizokuwa wakikutania wanaume mashoga, wakakamata watu karibu 300. Kesho yake usiku watu kama 3,000 wakaingia Yonge Street kuandamana. Juni ya mwaka uleule ikafanyika Pride katika bustani ya Grange, na ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa hii tunayoiona leo. Mkuu wa polisi alikuja kueleza masikitiko yake kwa uvamizi ule mwaka 2016, miaka 35 baadaye. Ndoa za jinsia moja zilianza kufungwa Ontario, mkoa wetu huu, tarehe 10 Juni 2003. Kwa hiyo mtu wa miaka sitini unayemwona anacheza pale alikuwa kijana wakati huu mji ulikuwa unamsaka.

Na sisi weusi hatukukaribishwa tu kwa mikono miwili. Blockorama, lile jukwaa ambalo video zake mnazipenda kwa sababu ya muziki, lilianzishwa na watu weusi wenyewe mwaka 1998 kwenye maegesho ya magari mkabala na kituo cha Wellesley, maana ndani ya Pride hawakuwa wanajiona. Mwaka 2016 kikundi cha hapa cha Black Lives Matter, vuguvugu la kutetea maisha ya watu weusi, kilikaa chini katikati ya gwaride, likasimama karibu nusu saa mpaka madai yao yakatiwa saini, na mojawapo lilihusu Blockorama hiyohiyo. Hata leo ukinitafuta Jumapili jioni, niko pale. Wanapiga kila kitu, soca ya Karibiani, dancehall, amapiano, na kuna saa fulani wimbo wa Kiswahili unaingia na unasikia kelele kutoka pembe moja, unajua Wakenya na Watanzania wako wapi.

Hapo ndipo mnaponilaumu kuhusu kamera. "Dada mbona unarekodi viatu?" Nawaelezeni. Tukisimama watu wa kwetu, kabla simu haijainuliwa mtu huita "picha!", na wasiotaka wanajitoa pembeni. Wengine wanageuza mgongo, mwingine anashusha kofia mpaka puani. Halafu aliyerekodi anawapitishia simu, kila mmoja anatazama, anakuza picha kwa vidole viwili kuhakikisha hata kwenye kioo cha dukani hayumo. Mmoja wetu ana mama kwenye kikundi cha WhatsApp cha kanisa. Mwingine bado anamlipia mdogo wake karo, na anayepeleka ile karo shuleni ni baba yake. Sura zao haziko kwenye chaneli yangu na hazitakuwepo. Mkiona migongo na mikono yenye bendera, jueni nyuma yake kuna watu waliocheka sana siku ile.

Haya, makaratasi ya ukimbizi. Hili ndilo linalonikasirisha, samahanini nikipandisha sauti. Kila Pride napata ujumbe: "Dada, nikija nikapiga picha pale na bendera, nikasema mimi ni shoga, si napewa makaratasi?" Ndugu yangu, hapana. Mimi si wakili, nasema niliyoyapitia, na yako yanaweza kuwa tofauti kabisa. Lakini mbele ya Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi picha ya Pride peke yake haikubebi, mtu yeyote anaweza kusimama pale akapigwa picha. Unaulizwa maisha yako. Ulijua lini, nani alijua, ulifanya nini walipojua. Bodi ina mwongozo wake, namba 9, wa tangu 2017, unaowaambia wanaosikiliza kesi wasikupime kwa dhana za jinsi shoga anavyopaswa kuonekana. Mwongozo ni mzuri, lakini bado wewe ndiye unayekaa kwenye kiti kusema mbele ya wageni mambo ambayo mama yako mzazi hujawahi kumwambia, tena kupitia mkalimani. Nililala siku nzima baada ya kile kikao. Sasa mwenzangu akija na hadithi ya kutunga, anayefuata nyuma yake na hadithi ya kweli ndiye anayetazamwa kwa jicho la shaka. Msinitumie maombi hayo.

Na kabla ya kile kikao kuna maisha. Namba yangu ya SIN, ile ya bima ya jamii anayoitaka kila mwajiri, ilianza na 9, ile wanayopewa wenye vibali vya muda, na kila mwajiri akiiona anakuuliza kibali kinaisha lini. Kutafuta nyumba ndiyo usiseme. Sheria ya Ontario inamruhusu mwenye nyumba kudai kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya mwezi wa mwisho, basi. Mmoja alinidai miezi sita mbele kwa sababu sina historia ya mikopo. Ningeitoa wapi? Nikaishia besimenti, chumba chenye dirisha la kiganja. Na bado mimi nilipata pa kulala. Kiangazi cha 2023 watu wetu, Wakenya, Waganda na wengine kutoka Afrika, walilala kando ya Peter Street, katikati ya mji, kwa sababu malazi ya dharura yalikuwa yamejaa. Waliowachukua ni makanisa ya watu weusi. Nalitaja kwa sababu wengi wetu tumeumizwa makanisani, na wale walifungua milango, watu wakalala ndani kwa mikeka. Pride na Peter Street vilikuwa kiangazi kimoja, mji mmoja, unaweza kutembea kwa miguu kutoka hapa hadi pale.

Halafu kuna hili la nyanya. Nyanya yangu alifariki nikiwa hapa, sikuja. Kuna jamaa waliandika chini ya video ya Pride, "hela ya kucheza unayo, nauli ya mazishi huna." Niliisoma nikiwa kwenye basi la kwenda kazini. Nauli ningekopa. Sheria ya hapa tangu 2012 iko hivi: uliyepewa ulinzi kama mkimbizi, hata ukiwa na ukaazi wa kudumu, ukirudi nchi uliyoikimbia serikali inaweza kuomba Bodi iukomeshe ule ulinzi, na ukaazi unaondoka nao. Mpaka niwe raia siwezi kucheza na hilo, na uraia unataka siku 1,095 za kuwa hapa ndani ya miaka mitano, ndipo ujaze fomu na kusubiri. Nyanya aliyenilea nilimzika kwa simu, mtu ameishika juu ya vichwa vya watu na mtandao unakatika. Wanaouliza ningepata wapi moyo wa kucheza mwaka ule, nilienda hivyohivyo. Rafiki zangu walinizunguka pale bustanini, mmoja akaanza wimbo wa kwetu wa msibani, na wale wasiojua Kiswahili wakavuma tu. Ndugu wa damu hawajaniuliza hadi leo nililia wapi.

Msidhani basi kwamba Pride yenyewe imesimama imara. Mwaka 2025 wadhamini kadhaa walijitoa na waandalizi wakatangaza pengo la dola 900,000. Sherehe ilifanyika, ila mimi huwa naacha kiasi kidogo kwenye ndoo za michango za watu wa kujitolea, kile ninachoweza, sawa na michango ya harusi kule nyumbani. Mwingine hatoi, na sina neno naye.

Je, wewe uje? Sijui maisha yako. Kuna aliyekuja akapona na kuna aliyekuja akabaki peke yake kuliko alivyokuwa, na sheria za uhamiaji zinabadilika kila mara. Tafuta wakili wa kweli mwenye leseni, usilipe mtu wa Telegram. Ukiwa Ontario na huna hela, uliza msaada wa kisheria wa serikali, upo, mimi ulinisaidia.

Na nyinyi mnaotazama bila kubonyeza chochote, nawaona kwenye namba za watazamaji. Msiandike habari zenu kwenye maoni, hata kwa mafumbo, yanasomwa na kila mtu. Kama simu mnaitumia wawili au watatu, futa video hii kwenye historia kabla hujairudisha. Chaneli itakuwepo kesho, na video ya kodi za nyumba naipakia Jumapili nikitoka kazini.