Python mpya kwenye CentOS 7: mhadhara kwa mafundi wa seva, Lubumbashi

Ba papa, ba mama, na ninyi wanafunzi wa informatiki, asanteni kwa kufika.

Nazungumzia zile seva ambazo bado zinafanya kazi hapa Lubumbashi, kwenye biro, kwenye shule, nyuma ya maduka ya mjini, zikiendeshwa na CentOS 7, mfumo wa aina ya Linux. Mfumo huo ulitoka mwaka 2014, na marekebisho yake yalikoma tarehe 30 Juni 2024. Mwenye seva anakuambia usiiguse, kwani programu yake ya hesabu haijui kuishi kwingine. Namwelewa kabisa. Lakini kazi mpya inadai lugha ya programu Python, toleo 3.11, na CentOS 7 ilikuja na 2.7.5.

Kwanza kabisa, ile ya zamani iacheni palepale. Yum yenyewe, chombo cha kusakinisha vifurushi, imeandikwa kwa Python 2. Ukiigeuza /usr/bin/python, yum inakufa, na hutaweza tena kusakinisha hata kifurushi kimoja. Yetu tunaijenga kutoka msimbo wake wa chanzo, ndani ya folda ya /opt, na mwishoni tunaandika make altinstall, ambayo haifuti jina la python3 lililokuwepo.

Mtu ataniuliza: kwa nini tujenge, wakati kuna Python zilizokwisha kujengwa? Ni kwa ajili ya glibc, maktaba ya C ambayo karibu kila programu ya mfumo huu inaiegemea. CentOS 7 ina glibc 2.17. Programu iliyojengwa kwenye mfumo mpya inaweza kudai 2.28, isipoiona, inakataa kuanza. Wala msijaribu kubadilisha glibc kwenye seva iliyo kazini, maana mfumo mzima umesimama juu yake.

Sasa configure, skripti inayotangulia ujenzi. Hapa ndipo watu wanaharakisha, na hapa ndipo ningependa tukae. Skripti hii haijengi Python, inaihoji mashini. Kompaila, ile inayogeuza msimbo kuwa programu, ipo? Maktaba fulani ipo? Programu ndogo ya majaribio inakubali kuunganishwa nayo? Majibu yote yanaandikwa ndani ya config.log, na nawaomba sana muwe mnaisoma.

Swali gumu ni la OpenSSL, maktaba ya mawasiliano salama kama https. Tangu toleo 3.10, la mwaka 2021, Python inadai OpenSSL 1.1.1 au mpya zaidi. CentOS 7 ina 1.0.2k. configure inauona upungufu huo, inaandika "no", kisha inaendelea. make, amri inayojenga, nayo inaendelea. Unapata Python inayofunguka, inayopiga hesabu, inayosoma faili, lakini haina moduli ya ssl, kwa hiyo pip, chombo cha kupakua maktaba za Python, haiwezi kupakua chochote kwa https. Saa za umeme zimekwenda, mega zimekwenda, na kazi iko nusu.

Basi jengeni OpenSSL kwanza. Mimi nachagua 3.0, kwa kuwa 1.1.1 iliachwa na watunzaji wake Septemba 2023. Itawadai lugha ya Perl pamoja na moduli yake ya IPC::Cmd. Ipeni --prefix=/opt/openssl na --libdir=lib, kwani configure ya Python inatafuta folda ya lib, si lib64. Kisha upande wa Python:

./configure --prefix=/opt/python311 --with-openssl=/opt/openssl --with-openssl-rpath=auto

Hilo neno la mwisho linaiwezesha Python kuikumbuka njia ya maktaba hata wakati wa kuendeshwa. Kabla ya hapo sakinisheni vifurushi vya maktaba ambavyo ujenzi unavihitaji: zlib-devel, libffi-devel, bzip2-devel na sqlite-devel. Hazina za vifurushi vya CentOS 7 sasa ziko vault.centos.org.

Kompaila ya CentOS 7 ni GCC 4.8.5. Ukiongeza --enable-optimizations, chaguo la kuongeza kasi, ujenzi unaweza kukwama katikati. Ondoeni chaguo hilo, au tumieni devtoolset-11, yenye kompaila mpya zaidi.

Jambo moja zito: OpenSSL uliyoijenga mwenyewe, hakuna yum itakayoirekebisha. Ni juu yako kufuatilia matoleo yake. Na seva ya namna hii isiachwe wazi kwenye intaneti.

Mkimaliza, jaribuni:

/opt/python311/bin/python3.11 -c "import ssl; print(ssl.OPENSSL_VERSION)"

Ikijibu vizuri, fungasheni folda zote mbili za /opt kwa tar, mziweke kwenye flashi. Glibc hupokea programu zilizojengwa kwa glibc ileile au ya zamani zaidi, kwa hiyo mwenzenu wa Likasi au Kolwezi mwenye CentOS 7 kama hii atazifungua mahali palepale, /opt, bila kujenga upya. Aliyekuja na config.log yake aje mbele, tuifungue pamoja.