Mnaoniuliza kuhusu senti tano za zamani za Marekani, njooni hapa

Haya jamani, leo tuyamalize haya ya sarafu. Kila nikiweka video, kuna mtu chini: "Kaka, tukusanyie senti tano za huko, zina madini ya fedha." Nisipojibu, naambiwa nimejificha na utajiri. Nikijibu, naringa. Basi bora niringe.

Tazameni hii, nasogeza kamera. Huku Jefferson, rais wao wa zamani, huku nyumba yake ya Monticello. Gramu 5. Wenyewe wanaiita nikeli, ila nikeli ndani yake ni robo tu. Asilimia 75 ni shaba. Mchanganyiko huo umeanza 1866, kwa hiyo ukongwe peke yake hauleti madini ya fedha.

Mnayoitafuta ni hii, ya 1943. Imefifia kidogo, eeh? Nageuza. Mnaiona hiyo P kubwa juu ya kuba la nyumba? Hiyo ndiyo alama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nikeli ilitakiwa kwenye zana za vita, wakaitoa kabisa kwenye sarafu: shaba 56, fedha 35, manganizi 9 kwa mia. Zilianza kutoka mwishoni mwa 1942 mpaka 1945. Za 1942 ziko aina mbili, kwa hiyo angalia herufi ya kiwanda kilichoitengeneza juu ya kuba, P, D au S, usidanganyike na mwaka.

Fedha iliyomo ni kama gramu 1.75. Thamani yake ni mara nyingi zaidi ya senti tano, sikatai. Lakini kuipata! Watu wa huku wamezichambua miaka na miaka. Nilikwenda benki kubadilisha noti nipate mirija ya sarafu, mmoja una 40, dola 2. Dada wa dirishani kaniuliza akaunti, kitambulisho, na nazifanyia nini. Dola zangu mwenyewe! Sitaji benki gani, ila iliniuma.

Na ile ya 1883 "ya dhahabu" mnayonitumia picha? Ile ilitoka na V, yaani tano ya Kirumi, bila neno la senti, matapeli wakaipaka dhahabu na kuipitisha kama dola 5. Ni rangi tu, mwanangu.

Halafu anakuja mtu: "Nunua mpya gunia zima, tuyeyushe shaba." Wewe! Tangu 2006 hairuhusiwi kuziyeyusha, maana madini yake yalishaanza kuzidi thamani iliyoandikwa. 2024 kutengeneza moja tu kuligharimu karibu senti 14. Ukisafiri nje ya nchi unatoka nazo zisizozidi za dola 5, au 25 kama ni za ukusanyaji wako. Adhabu inafika dola 10,000, jela miaka 5, au vyote. Zile za vita sheria imeziacha ziyeyushwe, sawa. Lakini mimi karatasi zangu za ukaazi bado zinazunguka maofisini, kila barua inadai ada nyingine, halafu nishikwe uwanja wa ndege na begi la senti? Mtanichangia wakili nyinyi? Hata ya mazishi ya babu mlikuwa mnasubiriana kwenye grupu.

Hayo ni ya kwangu. Kuna Watanzania huku wanakusanya sarafu na wanafurahia, siwazuii, kila mtu na mfuko wake. Ukiwa na ya herufi kubwa nyumbani, usiisugue kwa majivu, wakusanyaji hawapendi iliyong'arishwa.

Aliyeuliza kodi ya nyumba, hiyo video ya Jumamosi.