Shamba la Marehemu Haliuzwi kwa Karatasi ya Daftari

Asante, Mwenyekiti. Wazee wetu, akina mama, vijana wa bodaboda mliosimama pale mlangoni kana kwamba abiria anawangoja, hamjambo? Barua ya mwaliko inasema nizungumze juu ya haki, maisha na mambo ya siku hizi. Yote nitayagusa. Lakini mnaonifahamu mimi wakili wenu hapa Kimilili mnajua nitaanzia wapi, na namwona mama mmoja mbele hapa ameshaanza kucheka. Ndiyo, mama, naanza na shamba la marehemu. Nitaacha kulitaja siku watu watakapoacha kuliuza.

Mambo huwa hivi. Mzee amefariki, pengine kabla simu za mkononi hazijafika huku. Taito iko kwa jina lake, imefungwa kwa nailoni na kulaliwa chini ya godoro. Watoto wamegawana kwa mdomo: wewe lima kutoka kwenye mwembe hadi mtoni, wewe chukua upande wa barabara. Hakuna aliyekanyaga mahakamani. Kisha mmoja wao anabanwa na karo, au anatamani pikipiki, na anaanza kutafuta mnunuzi.

Mnunuzi naye ni mtu wa watu tu. Mwalimu aliyechukua mkopo wa sacco, au fundi wa kuchomelea vyuma. Wanaketi chini ya mti. Karatasi inachanwa katikati ya daftari la mtoto, bado ina matundu mawili ya pini. Inaandikwa, "Mimi fulani nimeuza ekari moja na nusu kwa fulani." Vidole vinachovywa kwenye wino wa buluu. Liguru, yaani mzee wa kijiji, anatia sahihi, anapewa chai yake. Akiwepo mtu wa ofisi yoyote ile, anagonga muhuri, na hapo mambo yamekwisha! Sisi watu wa hapa tunaabudu muhuri. Hata ukiwa wa shule ya chekechea, mtu ataikunja karatasi vizuri na kwenda zake akiwa na amani.

Kuna fundi mmoja alikuja kwangu, na msianze kukisia ni nani, nimeshabadilisha vya kutosha. Alimwaga mfuko mzima juu ya meza yangu. Karatasi ya daftari ilikuwemo, imekunjwa hadi imekatika kwenye mikunjo. Simu yenye kioo kilichopasuka ilikuwemo, na ndani yake jumbe za M-Pesa, elfu ishirini, elfu kumi na tano, alizokuwa akituma kidogo kidogo. Halafu akanionyesha picha ya nyumba: matofali ya kuchoma, mabati mapya, mlango wa chuma aliouchomelea mwenyewe. Mwisho kabisa akatoa barua. Dada wa aliyemuuzia, aliyeolewa Kitale, amefungua kesi ya mirathi ya baba yao na anataka shamba lote lihesabiwe. Na yule kaka aliyeuza? Yuko Nairobi, na simu yake haipatikani.

Fundi akaniuliza, "Wakili, si nililipa?"

Ulilipa, ndugu yangu. Ulimlipa nani?

Hapo ndipo penye shida yote. Kaka aliuza kitu ambacho hakikuwa chake. Shamba bado ni la mzee, na mzee hauzi kitu tena. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika 1981, inasema katika kifungu cha 45 kwamba hakuna ruhusa ya kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Si kosa la kulipana tu, ni jinai. Faini hadi shilingi 10,000, au jela hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini yenyewe ni kama bei ya mbuzi siku hizi, nakubali, na wabunge wangepaswa kuiangalia. Kifungu cha 82 kinakwenda mbali zaidi: hata msimamizi wa mali ya marehemu aliyeteuliwa na mahakama haruhusiwi kuuza ardhi kabla hati yake ya usimamizi haijathibitishwa. Msimamizi halali! Sembuse kijana mwenye tamaa ya pikipiki.

Sasa najua mtaniambia nini. Mtasema, "Wakili, chifu alikuwepo." Chifu ana kazi moja katika jambo hili, nayo ni muhimu: anaandika barua ya kutaja waliobaki baada ya marehemu. Hawezi kukuuzia ardhi ya mtu aliye hai, na ya aliyekufa ndiyo kabisa.

Mwingine atasema, "Sisi ni familia moja, tunaaminiana." Vizuri sana. Kama mnaaminiana, kwa nini dada zenu hawakuitwa chini ya ule mti?

Na hapa naomba wazee mnivumilie, maana nikifika hapa huwa sisikii kengele. Kuna watu wamesoma, wana digrii, lakini bado wanakuja ofisini na barua ya chifu iliyotaja wana watano na haikutaja binti hata mmoja. Nikiuliza wananijibu, "Wale wameolewa." Kuolewa hakufuti uzazi! Sheria inasema watoto wa marehemu, na haikuongeza "wasioolewa". Mahakama ya Rufaa ililimaliza jambo hili 2005, katika kesi ya Rono dhidi ya Rono iliyotoka hapo jirani Uasin Gishu. Jaji wa kwanza alikuwa amewapa wana ekari 30 kila mmoja na mabinti 5 kila mmoja. Mahakama ya Rufaa ikautengua mgao huo. Hiyo ni kabla ya Katiba ya 2010, ambayo ndiyo ilikuja kukaza kabisa. Kwa hiyo ukinijia leo na hadithi ya mila, nitakusikiliza kwa heshima, kisha nitakuomba majina ya dada zako na namba zao za simu.

Wakili mwenzangu aliyeketi nyuma ananikunjia uso. Anataka nitaje ule uamuzi wa 2018 unaosema mnunuzi aliyelipa na kukabidhiwa shamba anaweza kulindwa hata kama ridhaa ya bodi ya ardhi, ile inayoidhinisha mauzo ya mashamba, haikupatikana. Nimeutaja. Lakini pale aliyeuza alikuwa mwenye shamba mwenyewe, mzima, anayepumua. Msichukue dawa ya kikohozi mkamtibu nayo mtu aliyevunjika mguu.

Njia yenyewe si ngumu. Unatafuta cheti cha kifo, unapata barua ya chifu yenye majina yote, wake wote, watoto wote, hata yule aliyezaliwa nje ambaye hamtaki kumsikia. Unafanya sachi ya shamba, yaani unaangalia kwenye ofisi ya ardhi limeandikwa kwa jina la nani. Unapeleka mahakamani ombi la kusimamia mali. Jambo linatangazwa katika Gazeti Rasmi la Kenya na watu wanapewa siku 30 za kupinga. Hati ya usimamizi ikitoka, kwa kawaida mnangoja miezi sita kabla ya kuithibitisha, na siku hiyo ndipo mgao unapoandikwa, nani anapata ekari ngapi. Baada ya hapo mpima ardhi, kisha taito mpya. Ndipo mtu auze akitaka, kwa maandishi yaliyotiwa sahihi na kushuhudiwa, halafu mnaomba ridhaa ya bodi ya ardhi ndani ya miezi sita.

"Lakini wakili ni ghali." Wengine wetu ni ghali, ndiyo, na wengine hatustahili hata nusu ya tunachodai. Ila si lazima uende Mahakama Kuu. Tangu 2015 mahakimu wanasikiza mirathi kulingana na thamani ya mali: hakimu mkazi hadi shilingi milioni 5, hakimu mkuu hadi milioni 20. Mashamba mengi ya huku yanaingia humo. Na ile karatasi ya daftari ilimgharimu fundi wangu nyumba. Mtu anayejaziwa fomu na dalali kwenye baraza la duka la kutoa kopi naye huwa ameokoa pesa, mpaka siku ya kesi.

Wengi huniuliza mbona sikuhamia Nairobi. Wakili wa Nairobi akimaliza kesi hamuoni tena mtu wake. Mimi Alhamisi namhoji mtu mahakamani hadi jasho linamtoka, Jumapili yeye ndiye anayepitisha kikapu cha sadaka mbele yangu, na ananitazama nimetoa ngapi. Kwa hiyo nimejifunza kupenda upatanishi, na Katiba yenyewe inaukubali katika kifungu cha 159, hata ule wa wazee, mradi usikanyage haki za mtu. Wazee wakiketi na dada wakiwa ndani ya kikao, mkakubaliana na kuandika, mnapeleka maafikiano mahakamani na hakimu anayathibitisha. Kesi ya miaka inakwisha bila mtu kulaani mtu. Wazee wakiketi bila dada, mnanitengenezea kazi tu.

Naona Mwenyekiti anaonyesha saa. Basi haraka haraka.

Madeni. Mtu amekula pesa yako na haizidi shilingi milioni moja? Kuna Mahakama ya Madai Madogo. Sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Beba maandishi, jumbe za simu, shahidi. Usipeleke kesi ya shamba huko, itatupwa nje.

Polisi. Tangu maandamano ya Juni 2024 wazazi wamenipigia simu usiku wa manane. Sikilizeni, vijana: aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, ila zikiisha mahakama ikiwa imefungwa, inasubiriwa siku ya kazi inayofuata. Ndiyo maana kuna watu hukamatwa Ijumaa jioni. Una haki ya kunyamaza na ya kuita wakili. Bondi ya polisi, ile ahadi ya maandishi kwamba utarudi, hailipiwi. Ukitoa dhamana ya pesa taslimu, dai risiti, maana hiyo pesa inarudishwa. Kuna mengi zaidi hapo, lakini nimeumaliza muda wenu kwa shamba la marehemu kama kawaida yangu.

Msaada wa bure upo, kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, kwa asiyejiweza. Ulizeni kwa karani wa mahakama kabla hamjaniuliza mimi.

Maswali sasa. Ila nyinyi wawili wenye bahasha za kaki, nimewaona tangu nianze. Msinifungulie hapa mbele ya watu. Njooni ofisini asubuhi, na mje na dada zenu.